Mtungi wa Nyanya ni wa Nani?

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, minazi inakuacha mapema. Mazeras bado ipo, Mariakani inahesabika, na ukishapita Samburu na Taru unabaki na vichaka vya miiba, udongo mwekundu na magunia ya makaa yaliyosimamishwa kando ya lami kungoja wenye malori. Hii ndiyo nyika ambayo misafara ya karne ya 19 iliiogopa kwa kiu. Wapagazi walikimbilia ngurunga za Taru, yale mashimo ya mwambani yanayokinga maji ya mvua, na wakiyakuta makavu ilikuwa balaa. Mackinnon Road inafuata mbele kidogo: maduka yaliyojipanga kuikabili barabara, hoteli za chai na maharagwe, reli ya zamani, na msikiti wa Sayyid Baghali Shah ambao madereva wengi wa masafa hawapendi kuupita bila kusimama. Ni Kwale, lakini si ile Kwale ya Diani na Msambweni inayouzwa kwa mchanga mweupe. Ni Kwale ya Waduruma, ya mbuzi na ukame, na ya wageni walioletwa na reli, barabara na mifugo wakabaki. Nimeichagua kwa swali ambalo hakuna nyumba isiyokutana nalo: nyanya akishazikwa, vitu vyake ni vya nani, na nani ana haki ya kuvipanga? Jibu langu nalitoa mapema ili tubishane tangu sasa. Vitu vidogo vya nyanya vigawiwe na nyanya mwenyewe, akiwa hai, kwa mkono wake na mbele ya watu. Kumuaga ndiko huko. Tunayoyafanya baada ya maziko ni kupekua tu.

Mji wenyewe unafaa kuanzia, maana nao ni mirathi iliyoachwa ovyo. Jina ni la Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, mwanzilishi wa ile kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Alifariki mwaka 1893. Barabara ya mikokoteni aliyotaka ifike Uganda ilipitwa na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kilichomsalia hapa ni herufi kwenye kibao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza lilijenga hapa bohari kubwa la vifaa, kisha likaliacha. Mwaka 1954, baada ya msako wa Anvil jijini Nairobi, Mackinnon Road ikawa na kambi ya mahabusu wa Mau Mau, pacha wa ile ya Manyani. Karatasi nyingi za utawala ule zilichomwa au kusafirishwa kabla ya uhuru, na shehena nyingine ikaibuka mwaka 2011 kule Hanslope Park, Uingereza, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya huko. Linganisha na kaburi lililomo ndani ya msikiti. Baghali Shah alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Punjab. Husimuliwa kwamba karai lake la mzigo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Hakuacha hapa bohari. Lakini kaburi lake limefagiwa na kufunikwa kitambaa leo hii, kwa kuwa kila apitaye hutoa chochote na kila atoaye anajua kwa nini anatoa. Kwa mizani ya soko, bohari la jeshi lilikuwa na thamani kubwa kuliko kaburi. Lilichokosa ni mtu aliyekabidhiwa, na maneno ya kukabidhiwa nayo. (Hata mji wenyewe haujapata mwenyewe wa uhakika: Kwale na Taita Taveta zimekuwa zikivutana juu ya mpaka huu kama ndugu wa baba mmoja.)

Sasa ingia ndani ya nyumba. Juu ya kitanda cha nyanya wa Mackinnon Road zinakutana sheria tatu, na zote tatu zinatazama mlangoni, zinatazama shamba na zizi. Mila ya Waduruma ilikuwa na pande mbili: ardhi na boma vilifuata ukoo wa baba, na mifugo na mali ya kuhamishika ilifuata ukoo wa mama, mpwa akamrithi mjomba. Mpango huo umechakaa, lakini haujafa. Bado unasikika kwenye baraza za wazee, hasa linapoulizwa swali la mbuzi wa mwanamke walitoka upande gani. Sheria ya Kiislamu inajumlisha kila kitu. Toa gharama za maziko, lipa madeni, tekeleza wasia usiozidi theluthi na usiokwenda kwa mrithi, kisha gawa kwa mafungu yaliyowekwa, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Kila kitu ni pamoja na leso, sufuria na sindano. Kwa fikihi kali, hata kuitoa sadaka nguo ya marehemu kabla ya warithi kuridhia ni kutoa mali ya watu, tena huenda wamo watoto wadogo wasioweza kuridhia. Ya tatu ni Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na ambayo marekebisho ya mwaka 1990 yaliwatoa Waislamu ndani yake wakabaki na Kadhi. Sheria hii inavitaja vitu vya nyumbani waziwazi: nguo, mapambo, samani, picha, vyakula, vyombo. Mume akiwa hai anavichukua vyote. Nyanya akiwa mjane, kama walivyo wengi, vinaingia kwenye fungu la jumla na watoto wanagawana sawasawa. Nani amewahi kuwaona watoto saba wakigawana upawa mmoja sawasawa?

Kuna mtu mmoja ambaye sheria zote tatu zinampita bila hata salamu, naye ndiye ninayemtetea. Ni mjukuu aliyelala chumba kimoja na nyanya, akamtekea maji, akamsomea kadi ya kliniki, akajua dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya usiku. Kwa mgawanyo wa Kiislamu, mjukuu hapati kitu mtoto wa kiume wa marehemu akiwapo. Kwa Sura ya 160, anapata tu kile ambacho mzazi wake angepata, na sharti mzazi huyo awe ametangulia kufa. Labda athibitishe mahakamani kwamba nyanya ndiye aliyekuwa akimtunza, na kesi ya namna hiyo haifunguliwi kwa sababu ya kinu. Kwa mila itategemea alizaliwa na binti au na mwana. Hakuna hata mojawapo inayouliza nani alikuwapo. Palipo na pengo kama hilo, mkono mwepesi ndio unaokuwa sheria. Kwa Waislamu maziko ni siku ile ile au ya pili. Kwa wengine jamaa huja, hukesha, huchanga, hutawanyika. Mji wa barabarani unalizidisha jambo hili. Watoto wa hapa wako Ukunda kwenye mahoteli, Changamwe kwenye maghala, Nairobi, wengine Saudia na Qatar kwenye kazi za nyumbani, na ruhusa ya msiba ni fupi. Anayefika na gari anaondoka na kabati, anayefika kwa basi anaondoka na leso mbili, na aliyekuwapo muda wote ndiye anayefagia chumba.

Hebu tuvitazame vitu vyenyewe kwa karibu, maana tunavidharau kwa kuvitaja kwa jumla. Chumba cha bibi kizee wa hapa kwa kawaida kina mitungi ya plastiki ya manjano, ile ya lita 20 iliyokuja kwanza na mafuta ya kupikia. Maji ndiyo maisha ya nyika hii. Bomba kubwa la kutoka chemchemi za Mzima hupita kuelekea Mombasa, lakini si kila kijiji linachokipita kinachopata maji yake. Utakuta mmoja kati ya mitungi hiyo una kovu tumboni: ulipasuka, ukazibwa kwa kisu kilichopashwa moto na kipande cha plastiki kilichoyeyushwa juu yake, na mkono wake umefungwa kitambaa ili usikate kiganja. Sokoni hauna bei. Lakini huo ndio mtungi ambao wenyeji wa nyumba wanajua haupewi mgeni, wala hautiwi kitu kingine ila maji ya kunywa. Juu ya kitanda kuna sanduku la bati, na ndani yake leso zilizokunjwa mbili mbili, kila doti mahali pake. Leso ni kumbukumbu inayosomeka kuliko tunavyodhani. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, limekuwa Mombasa tangu 1887, na leso za zamani zilikuwa na jina, yaani msemo wake, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya herufi za Kirumi kushika. Mwenye jicho anaweza kukisia umri wa kitambaa kwa herufi na kwa pindo lake. Asichoweza kukisia ni nani aliileta, kwa harusi ya nani, na kwa nini maneno yale yalichaguliwa na si mengine. Hayo yamo kinywani mwa mwenye sanduku, na kinywa kile kikifungwa inabaki nguo kuukuu.

Na vitu hivi vya wanawake havikuwajia bure. Mwaka 1975 Roger Gomm alichapisha utafiti kuhusu wanawake wa pwani ya kusini ya Kenya, Wadigo, na pepo waliokuwa wakiwapanda. Aliona kwamba pepo akishapanda hudai: nguo, mapambo, chakula fulani, ngoma ya kutunzwa, na mume aliyekuwa akikataa kumnunulia mke leso anajikuta akimnunulia pepo. Unaweza kuukataa ufafanuzi wa Gomm, na waganga wengi wangeukataa kwa kicheko, lakini ushahidi wake unabaki: mwanamke asiyekuwa na shamba wala sauti kwenye baraza alikuwa na njia zake za kupata mali, na kitu alichokipata kwa njia hizo kilikuwa chake kuliko vingine vyote ndani ya boma. Halafu afe, na wanaume wa boma waketi wakubaliane kwamba vyombo na nguo ni mambo madogo, wamalize wanawake huko ndani. Miaka hamsini ya majadiliano inafutwa mchana mmoja. Kitu cha aina hii hati yake ya umiliki ni kauli ya mwenyewe. Baraza haina hati nyingine, mahakama haina, na ndiyo maana nasema ugawaji wake hauwezi kusubiri kauli hiyo iishe.

Mtu ataniambia: basi tuvipeleke makumbusho. Pwani hii ina jibu la swali hilo, na ni jibu chungu. Vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama na baadhi ya jamaa zao wa Kimijikenda huwasimamishia wafu wa chama cha Gohu, vilianza kung'olewa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, na vikaishia Marekani kwa mamia. Mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru mwaka 1985 akiwa na vigango vya nduguze. Baadaye viwili hivyo vikaonekana kwenye makusanyo ya vyuo viwili vya Marekani, na vikarudishwa nyumbani mwaka 2006 na 2007. Picha ile ndiyo iliyoviokoa, pamoja na ushahidi wa familia. Makumbusho ya Denver nayo ilivitoa vigango vyake 30, lakini likabaki swali dogo la kutisha: virudi kwa nani? Havikuwa na jina la boma vilikotoka. Nguzo iliyotengana na mtu wa kuisemea inakuwa mti mzuri ukutani, basi. Na hapa kuna jambo jingine linalohusu hoja yangu moja kwa moja: Gohu ni chama cha wanaume wenye mali, na kwa kawaida kigango ni cha babu. Nyanya hasimamishiwi nguzo. Kumbukumbu yake iko kwenye mtungi na sanduku, vitu ambavyo hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuona haja ya kuviiba, nasi wenyewe tunavipoteza bure.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la uchuro: kumwita mzee agawe vitu vyake ni kumchimbia kaburi akiwa amekaa. Sioni kama wenye kulisema wanaliamini kwa vitendo. Wako mabibi pwani nzima walioweka sanda yao sandukuni miaka kabla ya kuihitaji, na vyama vya kuzikana hukusanya michango ya watu walio wazima. Mwislamu mwenye kitu cha kuusia amehimizwa kwa hadithi mashuhuri asilale siku mbili wasia wake haujaandikwa. Kifo tunakitaja sana. Tunachokwepa kukitaja ni nani atapata nini, kwa kuwa hapo ndipo penye aibu ya kuonekana na tamaa. Pingamizi la pili ni zito zaidi, la wenye elimu ya dini: kugawa ukiwa hai kunaweza kuwa ujanja wa kukwepa mafungu aliyoyaweka Mungu. Ni kweli, na ndiyo maana wanazuoni wameweka mipaka. Zawadi, yaani hiba, hutimia kwa kukabidhi, si kwa kunuia. Mzazi ameamrishwa uadilifu baina ya watoto wake. Na anachokitoa mgonjwa katika ugonjwa wa kifo chake huhesabiwa kama wasia, kisizidi theluthi. Mipaka hiyo hainizuii, inaniunga mkono. Inasema gawa mapema ukiwa na afya, kabidhi mkononi, usimpendelee mtoto dhidi ya mtoto. Mjukuu asiye mrithi anaingia hapo kwa mlango halali, ama kwa hiba ama kwa wasia, na hakuna fungu la mtu lililoguswa kwa ajili ya mtungi wenye kovu. Kuhusu wanaosema maskini hana cha kugawa sina la kurefusha. Aliyekaa nyika hii mwezi mmoja wa kiangazi anajua mtungi usiovuja ni mali au si mali.

Pingamizi linalonitisha kweli ni jingine. Pwani hii, Kilifi na Kwale, imekuwa na visa vya wazee kuuawa kwa kisingizio cha uchawi, na mara nyingi uchunguzi ukifanywa kunakutwa nyuma yake ugomvi wa ardhi na urithi. Kuwashauri wajukuu wakamzungumzie nyanya habari za kugawa, katika mazingira kama hayo, kunaweza kuwa kuwapa wabaya fimbo. Bibi aliyekwisha kugawa ni bibi asiyehitajika tena. Bibi anayekataa kugawa ni bibi mchawi. Siwezi kulipuuza hili, na nalikubali kwa sehemu: ardhi isiguswe kwa njia ninayoipendekeza. Shamba lina ofisi zake, lina wasia wa maandishi na mashahidi, na halifai kuzungumzwa chumbani na vijana wenye haraka. Lakini tofauti ya vitu vidogo ni kwamba havimfanyi mtu aue. Na faida ya kuvigawa hadharani, mwenye kutoa akiwa amekaa mkekani, akitaja hiki cha fulani na sababu yake ni hii, ni kwamba watu wanazoea kumwona kama mwenye kauli. Mauaji yale hustawi mahali ambapo mzee ameshageuzwa kuwa kizuizi kimya kati ya vijana na mali. Sidai kwamba leso mbili zitamzuia mwenye panga. Nadai tu kwamba nyumba inayomsikiliza nyanya kwa mambo ya sanduku ina mazoea ya kumsikiliza kuliko nyumba inayongoja afumbe macho. Na avitoe kwa mwendo wake mwenyewe: akimwambia mjukuu kwamba mtungi ule ni wako nikiondoka, mbele ya shangazi na mjomba, ameusia, akiuweka mkononi mwake leo, amempa. Asivyovitaja vikae hadi arobaini, visifunguliwe na aliyewahi kufika.

Limebaki jambo ambalo Mackinnon Road inalo sawa na Diani, sawa na Nairobi, na ambalo mila haikulijua na fikihi inaliingiza tu kwenye jumla. Ni simu ya nyanya, kabambe yenye vifungo vilivyofutika namba. Ndani yake kuna M-Pesa, na ndani ya M-Pesa kuna hela kidogo: pengine salio la pesa za wazee wa miaka 70 na zaidi, Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali ilianza kuwalipa mwaka 2018, pengine alizotumiwa na binti aliyeko Riyadh. Kitambulisho chake kinapaswa kurudishwa kwa msajili kifo kinaposajiliwa, na hela zile zikitakiwa kwa njia rasmi hutanguliwa na hati ya kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi. Jina la mjukuu halimo kwenye barua hiyo. Lakini namba ya siri anayo yeye, maana ndiye aliyekuwa akimtolea kwa wakala tangu macho yalipoanza kufifia. Jioni ya maziko anaweza kuzitoa zote kabla ya chai kuiva, na atakuwa amechukua mali ya warithi. Anaweza pia kuikabidhi simu kwa mjomba, laini ikakaa bila kutumika miezi kadhaa, namba ikapewa mtu mwingine, na anayempigia nyanya kutoka Saudia akajibiwa na sauti asiyoijua. Nyanya alikuwa na uwezo wa kulimaliza jambo hili kwa sentensi moja mbele ya watoto wake, lakini nyanya wengi hawakuwahi kuulizwa.